Uzi: Kwa nini tasnifu za lugha na jamii hapa Nairobi zinarudi kulekule kwenye Sheng na matatu?

#1 Msomi wa Jogoo Road
Wadau, hamjambo. Nimekubaliwa kuanza uzamili wa isimujamii, yaani taaluma ya lugha katika jamii, mwezi Septemba. Kabla sijaenda nimekuwa nikipitia tasnifu ambazo vyuo vyetu vimeweka mtandaoni, nisije nikarudia kazi ya mtu. Ninachokiona kinanikosesha raha. Sheng ndani ya matatu. Sheng katika matangazo ya biashara. Kuchanganya ndimi katika nyimbo za vijana. Athari za Sheng kwa insha za wanafunzi wa sekondari. Kisha Sheng na matatu tena, ila njia imebadilika.

Sina chuki na Sheng. Nimelelewa Jericho, ndiyo lugha niliyochezea mpira. Lakini jiji hili lina washtakiwa wanaosomewa mashtaka kwa lugha wasiyoimudu. Lina akina mama wanaotoka kliniki na dawa mkononi bila kujua wameambiwa nini. Kuna Wanubi wa Kibra na Kinubi chao, kuna Wasomali wa Eastleigh, kuna viziwi, kuna watoto wa Kilimani ambao wakipelekwa mashambani wanamtazama nyanya yao kama mgeni. Hawa wote wanaishi ndani ya lile tunaloliita lugha, utamaduni na mawasiliano. Mbona hawaandikwi?

Dai langu ni kwamba somo zima tumelipunguza likawa somo la misimu ya vijana, yaani maneno yao ya mtaani. Nisahihisheni.

#2 Kalamu Nyekundu
Karibu shuleni. Nimesimamia tasnifu kwa muda mrefu, kwa hiyo nitakupa sababu isiyo na nadharia yoyote: muda na pesa. Mwanafunzi wangu wa kawaida anafundisha sekondari mchana, anahudhuria mihadhara jioni au Jumamosi. Mwaka wa kwanza ni kozi na mitihani. Baadaye anaandika pendekezo, analitetea mbele ya idara, analirekebisha, anatafuta kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, na mada ikigusa watu walio katika hali ngumu anapitia pia kamati ya maadili ya utafiti. Akifika hapo karo ya muhula mwingine inamngoja. Mtu huyo ukimwambia akae kortini miezi minne atakuuliza nani atamfundishia madarasa yake. Matatu anaipanda kila siku. Data inamfuata alipo.

Usiwahukumu kwa mada. Wahukumu kwa walichokiona ndani ya hiyo mada.

#3 Konda Mstaafu
Mimi si msomi ila hapa nina la kusema. Nilifanya kazi njia ya 58, Buruburu hadi mjini, kabla magoti hayajakataa kuning'inia mlangoni. Hao wanafunzi nimewaona wengi. Anapanda, anakaa kiti cha mbele, anatoa simu, anasema, "Bro, ongea tu kawaida." Sasa mtu akishakwambia uongee kawaida utaongea kawaida vipi? Sisi tulikuwa tunampa kile alichokuja kutafuta, tena tunakiongezea chumvi. Maneno mengine tulikuwa tunayabuni palepale na dereva wangu, na mwaka uliofuata unasikia yameandikwa mahali.

Sheng ya kweli ya kazi ni fupi sana, maana hakuna nafasi ya maneno mengi. Ni kugonga bodi ya gari, mluzi, jina la steji, na nauli. Hiyo hakuna aliyeniuliza.

#4 Binti Pwani
Konda Mstaafu hapo #3 umeeleza vizuri jambo ambalo mwanaisimu William Labov alilipa jina: kitendawili cha mtazamaji. Tunataka kujua watu wanavyoongea wasipotazamwa, na njia pekee ya kujua ni kuwatazama. Yeye mwenyewe, miaka ya sitini kule New York, alitafuta ujanja: aliingia madukani akijifanya mteja, akawauliza wahudumu bidhaa fulani iko wapi, jibu likiwa "ghorofa ya nne", akasikiliza kama wanaitamka ile sauti /r/, akaenda pembeni akaandika kwenye daftari. Hakurekodi mtu. Tabaka la duka likaonekana katika sauti moja.

Ila ninaona kuna sababu ya tatu ambayo mwenzangu wa #2 hakuitaja, nayo ni urithi. Matatu haikuchaguliwa na wanafunzi wa leo. Mwaka 1977 Carol Scotton, aliyejulikana baadaye kama Myers-Scotton, pamoja na William Ury, walichapisha makala yenye mfano wa abiria na konda ndani ya basi la Nairobi. Nauli ni senti hamsini, abiria ametoa shilingi, wanazungumza Kiswahili. Chenji inachelewa. Abiria anahamia Kiingereza kuidai. Konda naye anahamia Kiingereza, kumwonyesha kwamba hata huko hampiti. Ugomvi mzima wa hadhi umo ndani ya badiliko la lugha. Mfano huo umesomeshwa dunia nzima, na mwaka 1993 Myers-Scotton akatoa kitabu chake kuhusu sababu za kijamii za kubadili msimbo, yaani kuhama lugha katikati ya mazungumzo, kilichojaa mifano ya Afrika. Mwanafunzi wa Nairobi anaposoma nadharia, mji wake umo ndani, na umo ndani ya basi. Ataandika nini kingine?

#5 Konda Mstaafu
Huyo konda wa 1977 ninamjua kwa roho. Chenji haicheleweshwi bure.

#6 Kijana wa Donholm
@Binti Pwani sawa, lakini hao waliandika kuhusu Kiswahili na Kiingereza. Sheng ni habari nyingine. Ilianza miaka ya sabini huku Eastlands, watoto walikuwa wengi kwenye chumba kimoja na wazazi, wakatafuta lugha wazazi wasiielewe. Hiyo ndiyo sababu vijana wanaiandika, ni yao.

#7 Mzee wa Kaloleni
Mwanangu wa Donholm, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Miaka ya sabini sisi tulikuwa tayari tunaongea. Kaka zangu wakubwa walikuwa wakiongea hivyo Kaloleni na Shauri Moyo kabla ya uhuru, ingawa jina Sheng halikuwepo. Na hakuna aliyekuwa anawaficha wazazi. Baba zetu walikuwa reli, mmoja Mluo, jirani Mkamba, wa tatu Mluhya, watoto tunacheza uwanja mmoja. Kiswahili ndicho kilichokuwepo, kila mtu akakitia cha kwao.

#8 Binti Pwani
Mzee shikamoo. Hapa wataalamu wenyewe hawajaelewana, na nyote wawili mna wa kuwatetea. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, wanaipeleka kwenye mitaa ya Eastlands na msongamano wake, karibu na anavyosema Kijana wa Donholm. Alamin Mazrui mwaka 1995 aliandika kwamba msimbo wa namna hiyo ulikuwepo Nairobi tangu miaka ya 1930. Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018, anaisogeza kabisa: kwake Sheng ni lahaja ya Kiswahili cha Kenya, haistahili kuwekwa kando kama kitu cha ajabu. Ukikubaliana na Githiora, basi anayeandika kuhusu Sheng anaandika kuhusu Kiswahili cha Wakenya wengi wa mjini, na dai la #1 kwamba hii ni "misimu ya vijana" linapungua nguvu.

#9 Msomi wa Jogoo Road
Asante dada, hilo la Githiora nitalisoma kwa makini. Lakini halijibu swali langu. Hata kama Sheng ni Kiswahili cha mjini, kwa nini tunaichunguza mahali inapochekesha tu? Kijana huyohuyo wa Jericho akikamatwa usiku akapelekwa kituo cha polisi, taarifa yake inaandikwa kwa lugha gani? Yeye amesema kwa Sheng, karani anaandika Kiingereza, mwisho anaambiwa atie sahihi. Hapo ndipo ninapotaka kusimama.

#10 Mkalimani 254
Sasa umenigusa. Nimefanya ukalimani mahakamani kwa miaka mingi, sitataja mahakama ipi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 50(2)(m), inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi. Haki ipo kwenye karatasi na, kusema kweli, ipo pia kortini mara nyingi. Tatizo liko ndani ya neno "haelewi". Nani anaamua kwamba mtu haelewi?

Nitatoa mfano. Analetwa bawabu kutoka kaskazini, yuko mjini miezi michache. Anaulizwa kama anaelewa Kiswahili. Anasema ndiyo, kwa sababu kweli anajua Kiswahili cha kununua unga na kufungua geti. Kesi inaendelea kwa Kiswahili. Anasomewa shtaka, sentensi moja ndefu yenye tarehe, mahali, sheria, kifungu na "kinyume cha". Anaulizwa ni kweli au si kweli. Ameinamisha kichwa. Kila akitajiwa jambo anaitikia, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomwitikia mtu mzima anapozungumza. Kuitikia kwake ni adabu, ni kusema ninakusikia mkubwa. Karani anaandika kwamba amekubali kosa.

Nimewahi kusimama nikamwomba hakimu aulize upya kwa lugha ya kwao, na hakimu akakubali, na jibu likawa tofauti kabisa. Lakini siku hiyo nilikuwepo. Ukiniuliza tasnifu ya uzamili inayohitajika katika mji huu ni ipi, ni hiyo.

#11 Binti Pwani
Ndugu Mkalimani, ulichokieleza kina utafiti wake kwingine. Diana Eades aliuchunguza Australia miongoni mwa wenyeji asilia: mtu anakubali kila anachoulizwa na mwenye mamlaka bila kujali kama anakubaliana na maudhui, kwa kuwa ndiyo njia ya heshima ya kuvuka mazungumzo hayo. Mahakama inasikia ungamo. Hapa kwetu lingefaa kuchunguzwa kwa lugha zetu, maana namna ya kuitikia mkubwa haifanani kwa Waturkana, Wakikuyu na Waswahili. Hiyo ndiyo lugha, utamaduni na mawasiliano kwa pamoja, huwezi kuvitenganisha.

#12 Kalamu Nyekundu
Ninawaunga mkono, ila nauliza kama msimamizi. Data itapatikanaje? Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani, mtu anaweza kuketi nyuma na kuandika. Kurekodi ni jambo jingine, kunahitaji ruhusa ya mahakama. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Sauti ya mtu ni data yake binafsi, na mshtakiwa aliye rumande akikupa idhini, je, ni idhini kweli? Anaweza kudhani kukukubalia kutamsaidia kesi. Yaleyale ya #10 yanarudi, anakuitikia kwa adabu na wewe unaandika kwamba amekubali.

#13 Mkalimani 254
Hilo la idhini ni zito, sina jibu lake la haraka.

#14 Sauti ya Tatu
Naona mnazunguka sababu kubwa. Watu wanaandika Sheng kwa sababu Sheng haina kabila. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 nani anataka kwenda kuhoji watu kuhusu lugha za mama? Redio za lugha za kienyeji zilinyoshewa kidole, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, akapelekwa mahakama ya kimataifa ya Hague hadi kesi ikasitishwa Aprili 2016. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 ikaja na kosa la matamshi ya chuki, faini ya hadi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu au vyote viwili. Mwanafunzi akitaja lugha na kabila katika mada moja, kila mtu anauliza ametumwa na nani. Sheng ni salama.

#15 Kijana wa Donholm
Sheng haina kabila lakini ina mtaa. Ongea ya Githurai ukiwa Dandora uone.

#16 Mwalimu wa Umoja
@Sauti ya Tatu nakupinga kidogo. Tangu 2008 tasnifu kuhusu matamshi ya chuki zimeandikwa nyingi sana, nimetumia baadhi yake darasani. Mwaka 2022 kabla ya uchaguzi NCIC, tume ya uwiano na utangamano, yenyewe ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona ni ya hatari, "madoadoa" likiwemo, jina waliloitwa watu wa makabila mengine, na mjadala uliofuata ulikuwa wa isimu kabisa: je, neno lina chuki ndani yake au chuki imo kwa anayelisema, mahali na wakati? Mtu anaweza kusema madoadoa akizungumzia kitambaa. Kilichokosekana si ujasiri wa kuandika. Ni kwamba wengi wanaorodhesha maneno na kuishia hapo, hawafuati namna neno linavyosafiri kutoka mkutano wa kisiasa hadi kwenye foleni ya maji.

Tena suala la Kiswahili na Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi ndilo linalotufunga. Lugha nyingine zote, pamoja na ya ishara, zimeachwa.

#17 Mikono Inaongea
Mwalimu, sehemu hiyo ya mwisho irekebishwe. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu hichohicho kinaitaka serikali kuendeleza lugha za kienyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Lakini Kifungu cha 120 kinaweka lugha rasmi za Bunge kuwa tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hiyo Bungeni sisi tumo.

Na kabla ya Katiba hiyo, Profesa Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa ameshajenga utafiti wa lugha yetu tangu miaka ya tisini, wakati watu wengi walidhani tunapunga mikono tu. Mimi ni kiziwi, ninaandika uzamili wangu sasa. Mada yangu ni namna viziwi wanavyomweleza daktari maumivu wakati mkalimani wa ishara ni ndugu wa familia. Dada akikalimani kwa kaka yake, kuna mambo hasemi. Anapunguza. Anaona aibu kumtajia daktari sehemu fulani za mwili. Daktari anatibu mgonjwa aliyepunguzwa. Msomi wa #1 aliuliza mbona hatuandikwi. Tunaandika wenyewe, ila nakubali tuko wachache.

#18 Msomi wa Jogoo Road
Nimeisoma #17 mara mbili. Tafadhali ukimaliza uweke hapa jina la tasnifu, nitaisoma yote.

#19 Mtanzania Mpakani
Wakuu, habari za huko. Nimesoma Dar, nafanya kazi Nairobi sasa. Kwetu pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanaandika tasnifu kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na mada za mtaani zipo pia, msidhani sisi tunakaa na lahaja za Unguja tu. Niwakumbushe kwamba huyo Abdulaziz mliyemtaja kwa Sheng ndiye aliyeandika mwaka 1972 kuhusu Tanzania, akaonyesha mpangilio wa ngazi tatu: lugha ya nyumbani, Kiswahili, na Kiingereza, kila moja na nafasi yake. Mwanaisimu Ferguson mwaka 1959 alikuwa na ngazi mbili, Abdulaziz akaona kwetu haitoshi. Nadharia hiyo ilitoka huku Afrika Mashariki. Ninyi mnatafuta nadharia mbali wakati mzee alikuwa hapohapo Chuo Kikuu cha Nairobi.

Swali langu: kwa nini Nairobi isimujamii nyingi inaandikwa kwa Kiingereza, hata inayochunguza Kiswahili?

#20 Mzee wa Kaloleni
Mtanzania ameingia, sasa tutasahihishwa ngeli hadi asubuhi. Karibu kijana.

#21 Kalamu Nyekundu
Jibu la #19 liko katika ramani ya idara. Anayesajiliwa idara ya Kiswahili anaandika kwa Kiswahili. Anayesajiliwa isimu anaandika kwa Kiingereza. Anayechunguza tamaduni yuko anthropolojia, ambayo katika Chuo Kikuu cha Nairobi inatokana na ile Taasisi ya Masomo ya Kiafrika iliyoanza 1970 chini ya Bethwell Ogot. Anayechunguza redio yuko uanahabari. Mada ya Mkalimani inahitaji watu wanne hao na mwanasheria juu yake.

Tulishawahi kuwa na mjadala mkubwa wa ramani. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, Afrika iwekwe katikati, na fasihi simulizi ifundishwe. Kwa upande wa fasihi waliubadilisha mtalaa kweli. Kwa upande wa lugha katika jamii sijaona waraka wa namna hiyo, na ninaamini hapo ndipo shida ilipo. Sheng inaingia vizuri katika idara yoyote mojawapo. Korti haiingii. Hospitali haiingii. Mwanafunzi anachagua mada inayotoshea mlangoni.

#22 Sauti ya Tatu
Hapo Kalamu Nyekundu umesema sababu ya nne au ya tano sasa, na bado naona ya kwangu imesimama. Hofu ipo. Hata ukivunja kuta za idara, mtu atauliza kwanza usalama wake.

#23 Mama Wawili Lang'ata
Nimefuatilia kimya, niulize la nyumbani. Mimi Mkisii, mume wangu Mtaita, watoto wetu wanaongea Kiingereza na Kiswahili cha katuni. Mnasoma haya mambo: nimeshachelewa? Mdogo ana miaka minne.

#24 Binti Pwani
Mama, miaka minne hujachelewa hata kidogo. Mwanaisimu Joshua Fishman alitumia maisha yake kusisitiza kwamba lugha haiokolewi na shule wala redio kama haipiti kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto nyumbani. Kila mmoja wenu aongee yake, bila kutafsiri kila neno. Mtoto atachanganya, mwache achanganye. Na akae na nyanya likizo nzima, si wikendi.

#25 Mwalimu wa Umoja
Mama anagusa tasnifu nyingine ambayo haijaandikwa vya kutosha: ndoa za makabila mawili Nairobi na lugha inayoshinda sebuleni. Watu wakisikia "lugha inakufa" wanawaza Wayaaku wa Laikipia waliohamia Kimaa, au El Molo wa Ziwa Turkana walioingia Kisamburu, au Wasuba waliozungukwa na Dholuo hadi vijana wa Mfangano wakaanzisha redio ya kuirudisha. Hawawazi nyumba za ghorofa Lang'ata. Lakini Ekegusii kina wasemaji wengi mno kwa ujumla, hakifi kesho, ila ndani ya nyumba hiyo moja kinaweza kukoma mwaka huu.

#26 Kijana wa Donholm
Na kazi je? Tuseme ukweli, mtu asome uzamili wa isimujamii kisha ale nini? Sheng angalau inakuletea kazi ya matangazo au redio. Ghetto Radio 89.5 inatangaza kwa Sheng. Shujaaz, wale wa katuni za vijana, walijenga jina kwa Sheng tangu 2010. Hiyo pia ni sababu.

#27 Msimbo na Mashine
@Kijana wa Donholm, kazi zipo nyingine siku hizi. Mimi nimesoma isimu, sasa ninafanya kazi na watu wa kompyuta. Mashine zinazosikia na kuandika lugha zinahitaji maandishi na sauti zilizonukuliwa vizuri. Mradi wa Kencorpus ulikusanya Kiswahili, Dholuo na lahaja za Kiluhya, na wanaisimu walikuwemo. Common Voice inakusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa wananchi wanaojitolea. Anayejua kunukuu mazungumzo kwa programu ya ELAN, anayeweza kusema hapa msemaji amebadili msimbo na hapa amekopa neno tu, anatafutwa. Na kinachotushinda zaidi ni hichohicho cha #10: mashine inasikia "mm" na "eeh" inazitupa kama kelele. Tunapoteza maitikio yote. Hakuna aliyetueleza yana maana gani kwa kila lugha.

#28 Mkalimani 254
Kwa hiyo hata mashine imekuwa karani wa mahakama.

#29 Konda Mstaafu
Niwarudishe njiani. Mnaidharau matatu bure. Noti ya mia tano tuliiita Jirongo, jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo, kwa sababu ya pesa za kampeni za 1992. Historia ya nchi ilikuwa inapita mlangoni kwangu kila siku. Na abiria wangu ndio haohao wa korti na wa kliniki. Mama anayetoka kliniki alikuwa ananiuliza mimi, konda, hii dawa ameandikiwa mara ngapi kwa siku, kwa sababu kule ndani aliogopa kuuliza. Msomi, kama unataka hao watu wako wa #1, wako ndani ya gari wanarudi nyumbani. Hapo ndipo wanapoongea kwa uhuru.

#30 Mikono Inaongea
Hii ya #29 naiweka katika daftari langu, kwa ruhusa yako mzee. Mgonjwa anauliza mahali ambapo kutojua hakumwaibishi. Kwetu viziwi mahali hapo ni kibanda cha rafiki anayejua ishara.

#31 Msomi wa Jogoo Road
Konda, umenipa njia ambayo sikuitarajia. Niseme ninavyowaza sasa: kumfuata mtu kutoka chumba rasmi hadi anapofasiriwa upya na watu wa kawaida. Mama wa kliniki na konda wake. Mshtakiwa na ndugu zake wanaomngoja nje ya korti, wakiulizana amesomewa nini. Hapo nje sihitaji ruhusa ya kurekodi ndani ya mahakama, na aliyeachiliwa hana tena sababu ya kunikubalia kwa woga. Nitaandika kwa Kiswahili ikiwezekana. @Mkalimani 254 ninaomba tuzungumze kwa ujumbe wa faragha.

#32 Mkalimani 254
Nitumie. Ila uje ukae kortini wiki nzima kwanza bila daftari.

#33 Sauti ya Tatu
Na hao ndugu nje ya korti wataongea lugha gani? Lugha ya kwao. Tumerudi kwenye kabila. Utahitaji msaidizi anayeijua, na wao watataka kujua wewe ni wa wapi kabla ya kufungua mdomo. Usinipite hapo.

#34 Kalamu Nyekundu
Swali la #33 ni halali, nalo litaulizwa katika utetezi wa pendekezo lako. Langu ni jepesi zaidi: unajisajili Kiswahili au isimu? Tarehe ya mwisho ya kuchagua inakuja kabla ya Septemba, na msimamizi wako atatoka upande huo.